Diski ya Pili Imekataa

Buyenzi, 27 Januari 2026

Kwa ndugu yangu Sylvère,

Salamu nyingi, na shemeji Adélaïde mpe zake. Sisi wazima. Barua hii anakuletea Musafiri, dereva wa basi la Gitega, na nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mlinzi wa ofisi. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu yangu ya kitochi unaijua, inakoroma, na gereji ina kelele kutwa. Yenye intaneti sitaki na wewe ndiye shahidi wangu. Mtu anayelindiwa mechi hatembei na matokeo mfukoni.

Sasa habari mbaya. Kisanduku cha kurekodia mechi kimekufa. Picha kinaonyesha kama kawaida, lakini kurekodi hakirekodi. Kinagonga ndani tik, tik, tik, kama gari lenye starta mbovu, kisha kimya. Nimekipeleka Nyakabiga kwa Bonfils, yule fundi wa televisheni. Akakifungua, akatega sikio, akaniambia, "Muzee, hii diski yake imekufa. Apana kutengeneza, ni kubadirisha tu. Lakini si kila diski inakubali humu. Karatasi yake ya maelezo iko wapi?"

Nikacheka, maana karatasi zote za maisha yangu unazo wewe. Cheti cha ndoa yangu sijui kiko wapi, lakini najua kwamba wewe unajua.

Bonfils akashangaa haraka ni ya nini. Nikamwambia Ramadhani inaingia, na Jumamosi ile mechi ya jioni ya Uingereza inaanza sisi tukiwa kwenye tarawehe. Akasema, "Si mutaona matokeo kwa simu?" Nilimtazama kwa huruma. Ikabidi nimweleze toka mwanzo: kwamba kuna Mkristo mmoja mwenye moyo mzuri, kila Jumamosi ya Ramadhani anakaa sebuleni kwangu na chupa ya chai ya Fatouma, anaangalia mechi peke yake na kulinda kisanduku. Umeme ukikatika kinalala, na ukirudi hakikumbuki kilikuwa kinafanya nini mpaka mtu akibonyeze. Sisi tukitoka msikitini, mtu huyo anatuwekea mechi toka mwanzo, anakaa nasi kuiangalia mara ya pili, na usoni mwake hakuna aliyewahi kusoma chochote. Hata ile siku tuliyofungwa tano ulikaa na uso wa mtu anayengoja mhuri dirishani.

"Na uyo mutu iko wapi sasa?" akaniuliza.

"Serikali imemuhamisha Gitega."

"Basi muzee, uko na shida mbili."

Tafuta hiyo karatasi, bwana.

Massoudi

*

Gitega, 2 Februari 2026

Kwa Bwana Massoudi, fundi magari, Buyenzi
Yahusu: kisanduku kilichokufa

Ndugu yangu,

Nimeipokea barua yako. Ilikuwa na kidole cha grisi pembeni, kwa hiyo sikuhitaji kutazama sahihi.

Karatasi ya maelezo ipo katika mojawapo ya katoni tulizohama nazo. Nyingi bado hazijafunguliwa. Adélaïde anasema sizifungui makusudi, kwa sababu nikizifungua nitakuwa nimehamia kweli. Mimi nasema tatizo ni kukosa rafu.

Ili tusichelewe nimekwenda kwa Orlane, mama mmoja mwenye duka la kompyuta na kamera karibu na soko. Ni mtu wa kuelewana. Anatoa diski ya kujaribu, ikikataa unairudisha. Nimechagua iliyo kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, tera nne. Utaweza kurekodi ligi nzima na bado ukabakiwa na nafasi ya harusi za watoto wako. Musafiri anayo.

Mimi hapa niko salama. Jumamosi tunaangalia mechi na wenzangu wa ofisini, kuna skrini kubwa sana. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Wako katika utumishi,
Sylvère

*

Buyenzi, 6 Februari 2026

Sylvère ndugu yangu,

Diski imefika na imekataa. Kisanduku kiliwaka, kikafikiri, kisha kikaandika kwa Kifaransa kwamba hakioni diski yoyote ndani. Diski yenyewe nzito kama mche wa sabuni, na hakiioni. Nikamrudia Bonfils. Akasema, "Kisanduku ni ya zamani, muzee, inajua kuhesabu mpaka fasi fulani. We umeileta kitu inapita akili yake." Ndivyo ilivyo hata kwa gari, huwezi kuchukua injini ya lori ukaitia kwenye teksi kwa sababu tu ni kubwa. Nilidhani miaka yote uliyokaa gerejini kwangu ukisoma gazeti umejifunza hata hilo.

Nimeirudisha leo hiihii kwa Musafiri, ndani ya gazeti, ili yule mama asikuchukie.

Fungua katoni, bwana. Rafu nitakuchongea mimi.

Kuhusu hiyo skrini kubwa ya wenzako, hongera. Nilitaka tu kujua nani anashika chupa ya chai.

Massoudi

*

Gitega, 11 Februari 2026

Kwa Bwana Massoudi
Yahusu: sifa za diski, baada ya uchunguzi

Ndugu yangu,

Nimefungua katoni. Karatasi ilikuwa ya chini kabisa, pamoja na cheti chako cha ndoa, mwambie shemeji Fatouma asihangaike.

Kisanduku chako kinataka hivi. Diski iwe na upana wa zile za kompyuta ya mezani, si ile ndogo ya kompyuta ya kubeba. Plagi yake iwe ile bapa na nyembamba wanayoiita SATA. Ukubwa usizidi tera moja, na hapo ndipo nilipokosea. La mwisho amenieleza Orlane: isiwe diski ya kukimbia haraka. Hiyo ni nzuri kwa kompyuta, lakini ikifungiwa ndani ya kisanduku kidogo inachemka na kufa. Inatakiwa ile ya mwendo wa polepole, wanayoiweka kwenye kamera za ulinzi za maduka, inayoandika kutwa kucha bila kupata joto.

Ndiyo hiyo ninayokutumia. Mara ya kwanza kisanduku kitaomba ruhusa ya kuisafisha, bonyeza OK na usiguse kitu mpaka kimalize. Mechi za zamani zimekwenda, usimsumbue Bonfils azitafute. Kilichorekodiwa na kisanduku hicho hakisomeki kwingine.

Nimeishika diski hii mkononi nikaipenda. Kazi yake ni kukaa macho wakati wengine hawapo. Nadhani itaelewana na sebule yako.

Wako katika utumishi,
Sylvère

*

Buyenzi, 24 Februari 2026

Sylvère ndugu yangu,

Ramadhani Mubarak, nakusalimu na tumbo tupu.

Diski ya pili imekataa. Sijui nikwambie nini. Upana sawa, plagi sawa, tera moja kama ulivyosema, na kisanduku kimeikataa tu, kama mgonjwa anayekataa uji. Kumwuliza Bonfils siwezi, amekwenda msibani kwao. Kuirudisha nayo sijaweza, Musafiri alikuwa na haraka. Mimi naona jambo hili haliwezi kwisha kwa barua. Inabidi mtu aliyeisoma karatasi aje mwenyewe akae mbele ya kisanduku akitazame.

Upande wa ulinzi, tumehangaika. Jumamosi tulimweka Jimmy, mchomeleaji wangu, kwa kuwa ni Mkristo na hana kazi jioni. Tumetoka msikitini, tumekaa, Fatouma ameleta sambusa, mechi ndiyo kwanza inaanza. Kila kipa wetu akigusa mpira, Jimmy anafunika macho. Nikamwambia, "Jimmy, we, shika uso yako." Akasema, "Mi sijasema kitu, muzee." Akaendelea kufunika macho. Kabla ya mapumziko safu nzima ya mbele ya msikiti ilishajua tumefungwa na kwamba mwenye kosa ni kipa. Mzee Moubarak alivaa viatu akaenda zake.

Uso kama wako haupatikani dukani, na ukweli usemwe.

Unakuja lini?

Massoudi

*

Buyenzi, 25 Februari 2026

Shemeji Sylvère,

Salamu kwako na kwa Adélaïde. Naandika mwenzio akiwa gereji, na barua hii usiisome mbele ya Musafiri, mdomo wake unaujua.

Diski uliyotuma mara ya pili ilikubali siku ileile. Bonfils aliiweka, kisanduku kikaomba ruhusa, Massoudi akabonyeza OK na kukaa mbele yake kama anayesubiri wali uive. Tangu hapo anarekodi kila kitu. Anarekodi mapishi, anarekodi hali ya hewa ya nchi nisizozijua.

Halafu nikamwona anakuandikia kwamba imekataa. Nikamwuliza, baba Houda, kwa nini unamwongopea mwenzio? Akasema, "Ikikubali, atasema kazi imekwisha. Ataniandikia nini tena?"

Shemeji, mume wangu hajui kusema amemkumbuka mtu. Anajua kusema kitu kimeharibika. Tangu muhame ameshafungua feni ambayo haikuwa na tatizo.

Sikwambii la kufanya, wewe ni mtu mzima. Ila usimwambie kwamba mimi ndiye niliyesema. Ninaishi naye.

Fatouma

*

Gitega, 1 Machi 2026

Kwa Bwana Massoudi
Yahusu: kukataa kwa diski ya pili

Ndugu yangu,

Nimesikitishwa sana na habari ya diski ya pili. Nimeisoma karatasi ya maelezo upya, mara hii na miwani, na kwa sifa zote ile diski ilipaswa kukubali. Lakini vyombo vina tabia zake na sisi si watu wa kubishana na kisanduku.

Nakutumia ya tatu. Ni aina ileile ya kamera, tera moja, ila ya kiwanda kingine. Iko ndani ya nailoni yake kama ilivyotoka kiwandani. Ijaribu kwa makini, na kama itakataa niandikie imekataa namna gani: imegonga, imenyamaza, au kisanduku kimeandika neno. Orlane naye anaiomba ya pili irudi.

Pole kwa yaliyompata Jimmy. Kazi ile haifai kwa mtu mwenye moyo laini.

Kuhusu kuja, ofisini tuna ripoti, na mafuta ya gari unajua yalivyo. Nitaangalia.

Wako katika utumishi,
Sylvère

*

Buyenzi, 5 Machi 2026

Sylvère ndugu yangu,

Hata ya tatu imekataa. Tumeijaribu asubuhi ikanyamaza, tumeijaribu jioni ikagonga. Kisanduku kiliandika neno, ila lilipita haraka. Nakurudishia. Ile ya pili bado iko hapa, buti la Musafiri lilijaa ndagala na sikutaka diski ya watu inuke samaki.

Jumamosi iliyopita tulimjaribu Odette, jirani wa nyumba ya bluu. Uso wake ulikuwa mzuri sana, haukuonyesha kitu, nikafurahi nikasema tumepata mtu. Kumbe alikuwa amelala. Umeme ulikatika ukarudi yeye bado amelala, na sisi tukaishia kuona robo ya kwanza ya mechi halafu kioo cheusi. Namaanisha, hivyo ndivyo ambavyo ingekuwa kama kisanduku kingekuwa kinafanya kazi.

Sylvère, njoo ukitazame mwenyewe. Wazee wanauliza. Mzee Moubarak anasema bila wewe anarudi kusikiliza redio. Kiti chako hakuna anayekikalia, Fatouma amekiwekea mto mpya na mimi mwenyewe nimekatazwa. Ramadhani inakwisha, bwana.

Massoudi

*

Buyenzi, 16 Machi 2026

Sylvère ndugu yangu,

Natumaini mlifika salama jana. Shemeji Adélaïde alisahau kitenge chake, kiko na Fatouma.

Sasa tuongee kiume. Mtu anakuja kutoka Gitega bila hata kutuma salamu, anabisha hodi Jumamosi alasiri, mimi nimefunga, nimechoka, nafungua mlango na yeye macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku. Na kisanduku taa nyekundu inawaka kama taa ya breki, kinarekodi kipindi cha ufugaji wa nyuki. Fatouma alikimbilia jikoni akikohoa. Mimi nilisema "kumbe" na sikuongeza neno. Nilikuwa nimefunga, na mdomo wa mtu aliyefunga hausemi uongo. Yale ya kwenye barua ni mambo ya mkono, na mkono haufungi.

Wewe ulitazama taa, ukanitazama mimi, ukauliza mechi ni saa ngapi. Basi. Ukaenda ukakaa kwenye kiti chako na mto wake mpya.

Nataka nikwambie jambo kuhusu jioni ile. Wakati wa tarawehe umeme ulikatika, msikiti wote ukawa giza, na nikasikia mzee Moubarak nyuma yangu anavuta pumzi. Nikajisemea, Sylvère yupo. Nikaendelea kusali bila wasiwasi wowote. Jumamosi zote zilizotangulia, Mungu anisamehe, nilikuwa nasali huku nawaza kitufe.

Tuliporudi uso wako ulikuwa uleule. Penalti ilipopigwa watu wote walikutazama wewe badala ya kioo, na wewe ukapuliza chai. Mpaka kipenga cha mwisho sikujua kama tunashinda. Tulipopiga kelele na wewe ukapiga, kama mtu aliyeona sasa hivi. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Lakini toka uondoke sina raha. Ulijua kwamba ile diski ilikubali au hukujua? Nilikutazama jioni nzima na sikuweza kusoma chochote. Nijibu kwa maandishi.

Massoudi

*

Gitega, 19 Machi 2026

Kwa Bwana Massoudi
Yahusu: swali lako

Ndugu yangu,

Jibu ni ndiyo.

Diski ya kwanza ilipokataa uliirudisha siku ileile, na gazeti juu. Ya pili mpaka leo Orlane anaiulizia. Ya tatu imerudi baada ya kujaribiwa asubuhi na jioni, na nailoni yake ya kiwandani haijachanwa. Lakini hata kabla ya hayo nilikuwa na barua yako ya Jimmy. Uliandika kwamba kisanduku hakirekodi, kisha ukaandika mmetoka msikitini mkakaa kuangalia mechi inaanza. Niliisoma nikiwa ofisini, na mkuu wangu aliniuliza nacheka nini. Hakuna mtu aliyeniambia. Naandika hilo kwa mkono, na unasema mkono haufungi.

Na mimi nina langu. Hapa hakuna skrini kubwa. Hakuna wenzangu wa Jumamosi. Jumamosi napiga pasi mashati ya wiki nzima, televisheni imezimwa, na matokeo nayasikia ofisini Jumatatu kama habari za watu wengine. Kuangalia mechi peke yangu nilikuwa nimezoea, wewe unajua, ilikuwa ndiyo kazi yangu. Lakini nilikuwa naiangalia kwa sababu nilijua mtarudi.

Barua zako nilizisoma kama ninavyoangalia mechi na nyinyi. Matokeo nilikuwa nayo toka zamani, nikakaa tena mwanzo hadi mwisho. Sijutii hata dakika moja.

Adélaïde amefungua katoni zilizobaki. Njoo na zile mbao za rafu ulizoahidi, kuna kitanda chako.

Orlane nimemalizana naye juu ya diski ya pili. Amenipa nyingine, ya nne, aina ileile, tera moja, ya polepole. Nimeisoma karatasi yote na sioni sababu yoyote ya kisanduku chako kuikataa. Musafiri ataileta keshokutwa.

Naomba ikatae.

Idi njema kwako, kwa shemeji Fatouma, na kwa mzee Moubarak.

Sylvère,
mlinzi wa mechi, kwa sasa Gitega